Madaraja Mawili ya Mawe juu ya Mto Abay



Kila mmoja wetu anayefanya kazi pande za Wamaza anajua kilalo cha miti. Wanaume wanakata miti minne au mitano mirefu, wanaivuta mpaka mtoni, wanailaza kutoka ng'ambo moja mpaka ng'ambo ya pili, kisha wanapanga mbao juu yake. Mwaka wa kwanza kilalo ni kizuri. Mwaka wa pili mbao zinaanza kucheza. Mwaka wa tatu mchwa na maji vimekwisha kuula mti wa pembeni, na kamiyo yenye mzigo mzito wa mpunga inashuka mtoni pamoja na mpunga wake. Tangu siku hiyo wenye kinga wanabeba kinga zao mabegani, pikipiki zinavushwa na vijana kwa malipo, na padri anayekwenda kutembelea vijiji anavua viatu.

Safari moja, wakati wa masika, tulizuiwa siku mbili mbele ya kijito ambacho wakati wa kiangazi mtoto anakiruka. Tulikuwa pamoja na mkatekista mmoja, mzee wa miaka mingi katika kazi. Alitazama maji, akatuambia kwamba kilalo kile amekwisha kukiona kikijengwa na kuvunjika mara nyingi, na kwamba hata mara moja hakuona mtu anayeandika nani alikijenga, mwaka gani, wala kwa mti gani. Maneno yale yalitukaa moyoni.

Tulipokuwa Seminari Kubwa tulisoma historia ya Eklezia katika Afrika. Juu ya Etiopia tulisoma maneno machache tu: Wayezuiti walikuja, mfalme akawa Mkatoliki, vita vikazuka, Wayezuiti wakafukuzwa. Baadaye tukajua kwamba katika siku zile zile palijengwa daraja la mawe juu ya mto Abay, tena kwa fundi aliyekuja pamoja na Patriarka Mkatoliki. Patriarka alifukuzwa. Daraja likabaki, na watu wanalipita hata leo. Basi tukajiuliza: kwa nini kazi moja ilidumu, na nyingine ikaanguka mbele ya miaka kumi kwisha? Ndiyo sababu tunaandika juu ya daraja hilo, na juu ya ndugu yake mdogo, ambalo watu wa nchi wanaliita "Daraja Lililovunjika".

I. Mto na nchi

Mto Abay ndio ule ambao Wazungu wanauita Nile ya Buluu. Unatoka katika ziwa Tana, katika milima ya Etiopia, karibu na mji wa Bahir Dar. Baada ya mwendo wa kama kilometa 30 unaanguka kutoka juu kwa kishindo, kadiri ya metra 40, na vumbi la maji linapanda juu kama moshi. Watu wa huko wanapaita Tis Abay, maana yake Moshi wa Abay. Chini ya maanguko hayo mto unaingia katika bonde jembamba la mawe, halafu unazunguka nchi ya Gojjam kama nyoka anayezunguka yai, mpaka unashuka Sudani.

Hapo tunaona taabu ya wafalme wa zamani. Gojjam ilikuwa nchi yao, nayo ilikuwa na chakula, watu na monasteri nyingi. Lakini mto unaitenga na nchi ya Begemder, ambayo ni upande wa kao lao. Wakati wa kiangazi watu walivuka kwa miguu pahali maji yalipopungua. Ziwani walikuwa na mitumbwi yao ya mafunjo, wanayoiita tankwa. Lakini kutoka mwezi wa sita mpaka wa tisa mvua ni kubwa, mto unajaa, unachukua miti na mawe. Mfalme hawezi kupeleka majeshi, mfanya biashara hawezi kupeleka chumvi wala ng'ombe, na mtu aliyefiwa ng'ambo hafiki kuzika.

Sisi tunaelewa neno hili bila kufundishwa. Nchi yetu nayo ni nchi ya njia za zamani. Misafara ya Waarabu na Waungwana ilitoka Ujiji, ikapita Kabambare, ikafika Kasongo na Nyangwe. Njia ile ya machozi ilikuwa maarufu katika Afrika yote ya kati, lakini haikuacha daraja la mawe nyuma yake. Ilikuwa njia ya kuchukua, si njia ya kukaa. Anayekuja kuchukua anavuka kwa mtumbwi au kwa mti ulioangushwa, anaendelea na mbio zake. Anayejenga kwa mawe anafikiri kwamba mjukuu wake atapita pale.

II. Chokaa ya Alata na fundi kutoka Hindi

Mwaka 1541 askari Wareno kama 400 walifika Etiopia pamoja na Cristóvão da Gama, kusudi kumsaidia mfalme katika vita vyake na Ahmad Gragn. Waliobaki walioa katika nchi. Nyuma yao, tangu 1557, Wayezuiti nao walikuja. Mwenye sifa kubwa kati yao ni Padri Pedro Páez, Mhispania, aliyefika mwaka 1603. Alijifunza lugha za nchi, alifundisha watoto, alizungumza na wakubwa kwa upole. Mwaka 1618 alipelekwa na mfalme mpaka chemchemi ya Abay. Mfalme Susenyos, aliyetawala tangu 1607, alimpenda sana, na mwaka 1622 alijitangaza mbele ya watu kuwa Mkatoliki. Mwaka ule ule Páez alikufa.

Padri Manuel de Almeida, Mreno wa shirika lile lile, alifika mwaka 1624, akaandika historia ya nchi. Kwa kalamu yake tunajua habari za daraja. Anasema kwamba karibu na kijito Alata, kinachoingia katika Abay, yalipatikana mawe ya kuchoma chokaa. Neno hili lilikuwa kubwa sana. Watu wa Etiopia walijua kuchonga mawe tangu zamani: tazameni nguzo za Aksum na makanisa ya Lalibela yaliyochongwa katika mwamba mzima. Lakini katika siku zile nyumba nyingi za mawe zilishikamanishwa kwa udongo, na udongo katika maji ya mto hauna nguvu. Mtu asiye na chokaa hawezi kuweka tao la mawe juu ya Abay akategemea litapita masika mengi.

Mwaka 1625 alifika Patriarka Afonso Mendes, aliyetumwa na Roma. Kati ya watu waliokuja naye palikuwa na fundi kutoka Hindi. Huyo ndiye aliyesimamia kazi. Kwa amri ya Susenyos, mwaka 1626, daraja la mawe likajengwa pale Alata, chini kidogo ya maanguko ya maji. Wanaosimulia historia ya nchi ile wanalihesabu kuwa daraja la kwanza la mawe katika Etiopia.

Siku hizi wengi wanaliita Daraja la Wareno. Jina hilo tusilikatae, lakini tulipime. Amri ilikuwa ya mfalme wa Etiopia. Mawe yalikuwa ya pale pale. Chokaa ilichomwa kwa mawe ya Alata na kuni za pale. Fundi alitoka Hindi. Na waliobeba mawe, waliochanganya chokaa, waliosimama majini, bila shaka walikuwa hasa watu wa nchi. Mreno alileta njia na urafiki, na hilo si neno dogo. Lakini daraja lina baba wengi.

III. Namna tao linavyosimama

Kwa wale ambao hawajaona daraja la namna hii, tueleze kidogo, maana bila kuelewa tao hatutaelewa yaliyofuata.

Kilalo cha miti kinalala. Mzigo unaukunja mti katikati, na mti ukioza, yote yanaanguka. Jiwe haliwezi kulala hivyo: jiwe refu likilazwa juu ya maji na kubebeshwa mzigo linapasuka. Kwa hiyo fundi wa mawe anatafuta njia nyingine. Kwanza anajenga kwa miti umbo la mviringo, mfano wa mgongo wa kobe, kutoka ng'ambo hii mpaka ng'ambo ile. Juu ya umbo hilo anapanga mawe yaliyochongwa, kila jiwe likiwa jembamba kidogo chini na pana juu. Anaanza pande zote mbili pamoja, anapanda mpaka juu, na mwisho anatia jiwe la katikati linalofunga yote. Halafu anaondoa miti. Mawe yanataka kuanguka yote pamoja, na kwa sababu hiyo yanasukumana, kila moja linamshika mwenzake. Uzito unashuka pembeni mpaka kwenye miguu. Miguu ikikaa juu ya mwamba, tao linasimama hata miaka mia nne. Miguu ikikaa juu ya mchanga, linaanguka masika ya kwanza.

Mafundi wa Alata walichagua pahali kwa akili. Pale mto umebanwa kati ya miamba, na miguu ya tao kubwa inakaa juu ya mwamba pande zote mbili. James Bruce, Mskoti aliyefika pale mwaka 1770, aliliandika kuwa tao moja lenye upana wa kama futi 25, lililoshikwa vizuri katika mwamba wa pande zote mbili. Pembeni yapo matao madogo, ambayo maji ya mafuriko yanaweza kupita ndani yake bila kusukuma ukuta mzima. Daraja ambalo halimpi mto njia, mto utajifanyia njia wenyewe.

Na chokaa? Mawe yake yanachomwa katika tanuru kwa kuni nyingi, yanakuwa meupe na mepesi. Yakimwagiwa maji yanachemka kama sufuria, yanageuka kuwa uji mzito. Uji huo unachanganywa na mchanga. Haukauki kwa siku moja kama simenti. Unakuwa mgumu polepole, mwaka kwa mwaka, kwa hewa. Watu wa Tis Abay wanasimulia kwamba wazee walitia na ute wa mayai. Chokaa ina upole fulani: mawe yakisogea kidogo inawafuata, na unyevu ukiingia inauacha utoke. Mafundi wa leo wanaonya kwamba mtu akitengeneza ukuta wa zamani wa chokaa kwa simenti ngumu, maji yanafungwa ndani, na mawe yenyewe yanaanza kumenyeka. Dawa inakuwa ugonjwa. Neno hili tuliweke akilini.

IV. Mwaka mmoja, kazi mbili

Mwaka 1626 ulikuwa mwaka wa daraja la Alata. Ulikuwa pia mwaka wa kazi nyingine. Tarehe 11 mwezi wa pili, mfalme Susenyos alipiga magoti mbele ya Patriarka Mendes na kuapa utii kwa Baba Mtakatifu wa Roma. Wakubwa na mapadri wa nchi waliapa nyuma yake. Machoni pa watu hilo nalo lilikuwa daraja: Eklezia ya zamani ya Etiopia, iliyoipokea imani katika karne ya nne, na Eklezia ya Roma, zimeunganishwa tena.

Lakini tazameni namna lilivyojengwa. Patriarka aliagiza Wakristu wabatizwe tena kwa sharti, mapadri wapewe upadri tena, makanisa yabarikiwe tena. Kalenda ya sikukuu na mifungo ikabadilishwa kufuata Roma. Desturi ya kuheshimu siku ya Sabato ikakatazwa, na tohara vilevile. Mkristu ambaye babu zake walimwabudu Kristu kwa zaidi ya miaka elfu akaambiwa kwa matendo kwamba hakuwa Mkristu. Waliokataa waliadhibiwa kwa nguvu ya mfalme.

Nchi ikawaka moto. Vilikuja vita, na mwaka 1632 maelfu ya watu walikufa katika pigano moja, ndugu kwa ndugu. Mfalme alishinda pigano hilo, lakini ushindi ule ulimvunja moyo. Aliwapa watu ruhusa kurudia imani ya wazee wao, akamwachia mwanawe Fasilides kiti chake, na mwaka huo huo akafa, yeye mwenyewe akiwa bado Mkatoliki. Fasilides aliwakusanya Wayezuiti Fremona, halafu mwaka 1634 akawafukuza katika nchi. Mwaka 1638 Wakapusini wawili, Agathange na Cassien, walinyongwa Gondar. Eklezia inawaheshimu kama Wenye Heri. Mlango ulifungwa kwa muda mrefu.

Sisi hatuandiki haya kusudi kumhukumu Patriarka Mendes. Alikuwa mtu wa wakati wake, alikuwa mwanateolojia wa kweli, na aliteseka kwa ajili ya neno aliloliamini. Lakini fundi wake wa Hindi alikuwa na hekima moja ambayo Patriarka hakuwa nayo. Fundi hakuleta mawe kutoka Goa. Aliuliza kwanza: mwamba uko wapi? Mawe ya chokaa yako wapi? Akajenga juu ya kile alichokikuta.

V. Aliyewafukuza aliendelea kujenga

Hapa ndipo historia inapotushangaza. Fasilides aliwafukuza Wayezuiti, aliwachukia hata akafanya mapatano na wakubwa wa pwani wawazuie wasirudi. Mtu angefikiri kwamba atalivunja daraja la Alata, kwa kuwa ni kazi ya rafiki zao. Hakulivunja. Tena alichukua ufundi ule ule, chokaa ile ile, akaanza mwaka 1636 kuujenga mji wa Gondar. Ngome zake za mawe zimesimama mpaka leo, na tangu 1979 UNESCO imeziandika katika urithi wa dunia. Watu wanasema alijenga madaraja saba ya mawe. Sifa hiyo ilikuwa kubwa mpaka kila daraja la zamani katika Etiopia watu wanalitaja kuwa la Fasilides, hata kama si lake.

Kumbe chokaa ilikuwa imekwisha kuwa chokaa ya Etiopia. Mafundi wa nchi walikuwa wameshika kazi mikononi mwao. Mgeni akiondoka, kazi haiondoki naye. Hicho ndicho kipimo cha kazi yote ya mgeni, iwe shule, iwe dispansari, iwe misioni: siku mgeni anapokwenda zake, je, kuna mtu anayejua kuchoma chokaa?

VI. Daraja Lililovunjika

Moja la madaraja yanayohesabiwa kuwa ya Fasilides lilijengwa mnamo mwaka 1660, chini zaidi katika bonde la Abay, kati ya Mota upande wa Gojjam na nchi ya Begemder ng'ambo. Lina matao kadhaa, na urefu wake ni kama metra 60. Kwa karne nyingi punda, wafanya biashara na mahujaji walilipita. Katika miaka hiyo mvua na maji yalilila, na mwaka 1908 mfalme Menelik wa Pili aliamuru litengenezwe. Hayo yalikuwa mageuzi ya kwanza tunayoyajua: jiwe lilirudishwa mahali pa jiwe.

Mwaka 1935 Waitalia waliingia Etiopia kwa vita. Walikaa katika nchi mpaka 1941. Katika miaka hiyo wenyeji waliokuwa wakipigana na adui walifanya neno gumu: walilikata tao la katikati la daraja lao wenyewe, kusudi adui asivuke. Kwa sababu kila tao lilikuwa na miguu yake, pande mbili zilibaki zimesimama, na katikati pakawa wazi, na mto chini. Tangu hapo jina lake likawa Sebara Dildiy, Daraja Lililovunjika.

Adui alikwenda. Tao halikurudi. Lakini soko lilikuwa ng'ambo, wakwe walikuwa ng'ambo, na dawa vilevile. Basi watu wakatafuta namna. Wanaume walisimama upande huu wa pengo, wengine upande ule, wakashika kamba nene. Msafiri alifungwa, akavutwa juu ya maji kutoka mikono hii mpaka mikono ile. Mizigo ilivushwa hivyo hivyo. Walifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 60. Kamba ilikatika mara nyingine, na mto haurudishi watu.

Tukisoma habari hii tunaona aibu na tunaona heshima pamoja. Aibu, kwa sababu wakubwa wengi walitawala katika miaka ile, na pengo la hatua chache halikuzibwa. Heshima, kwa sababu palipokosekana jiwe, watu walijifanya wenyewe kuwa daraja.

Mwaka 2001 Mmarekani mmoja, mjenzi, jina lake Ken Frantz, aliona picha ya watu wale na kamba yao katika gazeti la National Geographic. Moyo wake ulishikwa. Alikusanya jamaa na rafiki, wakaanzisha chama cha kujenga madaraja ya watu wa miguu katika nchi maskini. Kufika mwaka 2002 walikuwa wamepeleka vyuma vyepesi, vikabebwa mpaka bondeni, vikalazwa juu ya pengo. Kamba ikapumzika. Hayo yalikuwa mageuzi ya pili: chuma kimewekwa mahali pa jiwe.

Lakini mwaka 2005 mafuriko makubwa yaliiharibu kazi ile. Basi mwaka 2009 wakajenga karibu na pale daraja jipya la kuning'inia kwa kamba za chuma, refu zaidi na juu zaidi ya maji. Daraja la Fasilides wakaliacha na jeraha lake. Hayo ni mageuzi ya tatu: la zamani limepewa pumziko, na njia imepewa daraja lingine.

VII. Namna ya kubadili kitu cha zamani

Tuyapime mageuzi hayo matatu, maana kila padri anayepewa parokia ya zamani atakutana na neno hili: atabadili nini, ataacha nini?

Menelik alirudisha jiwe mahali pa jiwe. Kazi hiyo inafaa wakati mafundi wangaliko na mwili wa kitu ungali mzima. Wajenzi wa 2002 walitia kitu kigeni katika jeraha. Hatuwezi kuwalaumu: watu walikuwa wanakufa majini, na msaada wa haraka ni wema. Lakini mto ulijibu. Mwaka 2009 wajenzi wale wale walikubali kujifunza kutoka mto. Walipanda juu, wakaacha la zamani libaki shahidi. Wasingalikubali kwamba kazi yao ya kwanza imeshindwa, kamba ingalirudi mikononi mwa watu.

Na katika Eklezia ya Etiopia twaona njia ile ile. Baada ya miaka mia mbili na zaidi, mwaka 1839, alifika Padri Justin de Jacobis, Mlazaristi Mwitalia. Hakufanya kama Mendes. Alijifunza lugha, alivaa na kula kama watu, aliwaandaa mapadri wa nchi, na aliiheshimu Liturujia yao ya Ge'ez. Mmonaki Mwetiopia Ghebre Michael alimfuata, akafa kwa mateso mwaka 1855. De Jacobis alitangazwa Mtakatifu mwaka 1975. Mpaka leo Eklezia Katoliki ya Etiopia inasali kwa ibada ya Ge'ez. Ni ndogo, lakini inasimama, maana miguu yake iko juu ya mwamba wa pale. Nasi katika Kongo tunajua furaha ya namna hiyo: mwaka 1988 Roma ilikubali Misale ya majimbo yetu, na tangu hapo tunawaita wazee wetu watakatifu na kucheza mbele ya altare bila kuona haya.

VIII. Kwetu

Mtu atasema: Padri, Abay ni mbali, na huku kwetu hatuna chokaa ya Alata wala Fasilides. Ni kweli. Vijito vyetu vina matope, na mawe mazuri si kila pahali. Tena hatusemi kwamba kila kilalo kiwe cha mawe. Tunaomba mambo mawili tu, na yote mawili yanawezekana bila feza nyingi.

La kwanza, katika kila kijiji kuwe na watu wanaojua. Kijana anayepeleka mti mtoni pamoja na wazee ajifunze mti gani unastahimili maji na mti gani unaoza upesi, namna ya kuukausha, namna ya kuukalisha juu ya jiwe na si juu ya udongo. Wazee wenye ujuzi huo wanapungua. Sisi wenyewe tumeona kilalo kilichojengwa kwa haraka na watu waliotoka mbali, kwa mbao zilizokuwa bado mbichi, wala mzee hata mmoja wa kijiji hakuulizwa. Masika yalipokuja hakikuwako. Watu wakarudi kwa wazee, na wazee wakacheka kidogo, kisha wakashika mashoka.

La pili, tuandike. Tunajua daraja la Alata kwa sababu Padri Almeida aliona kwamba chokaa na fundi ni habari zinazostahili kalamu, sawa na wafalme na maaskofu. Misioni zetu za zamani zilikuwa na kitabu cha kila siku, ambamo mapadri waliandika mvua, ugonjwa, mgeni, kanisa lililoanguka. Katika pahali pengi kitabu hicho kimekoma, au vita vimekichoma. Basi kianzishwe tena, hata kama ni daftari ya wanafunzi. Mkatekista aandike: mwaka huu, mwezi huu, kilalo cha kijito fulani kilijengwa, miti ilikuwa ya namna hii, waliofanya kazi ni hawa. Na siku kitakapovunjika, aandike pia sababu yake. Miaka kumi ikipita, kijiji kitajua mti gani ulidumu.

Yule mzee mkatekista wa safari yetu tulimletea daftari katika safari iliyofuata. Alianza kwa kuandika majina ya marehemu aliokumbuka kwamba walivuta miti katika ujana wake. Alipofika jina la kumi na nne alipumzika, akatuuliza kama inafaa kuandika pia majina ya wanawake waliowapikia. Tulimjibu kwamba inafaa.